Mgunga: kuukuza kutoka kisikini au kwa mbegu, kisha kuvuna maganda, miiba na kamba zake

Wengi wanaotaka migunga shambani au kwenye malisho huanza kwa kutafuta miche. Katika nyanda za chini za Monduli, Longido, Kahe au Mwanga, mara nyingi hiyo ni kuanza na kazi ya mwisho. Ardhi huwa tayari ina migunga. Imejificha kwenye majani, inakatwa na kuliwa na mbuzi mwaka hadi mwaka, lakini mizizi yake ni hai na imeshazama chini sana. Inachokosa ni misimu michache ya kukua bila kuguswa na mnyama.

Mfano mzuri upo Hifadhi ya Ziwa Manyara. Sehemu ya migunga yake mikubwa ni ya rika moja, iliyoota mwishoni mwa karne ya 19 baada ya sotoka kufyeka ng'ombe na wanyamapori wanaokula majani. Wimbi jingine la miche likafuata kimeta kilichoua swala pala kwa wingi mwaka 1977 na tena 1984. Walipopungua walaji, miti ikapata nafasi. Mwenye mbuzi ishirini hawezi kusubiri kimeta, na wala haombi kije, lakini uzio wa miiba unaweza kumpa mti nafasi ileile. Ndiyo maana hapa tunaanza na kisiki, halafu mbegu kwa wale ambao ardhi yao kweli ni tupu, ndipo tufike kwenye mavuno.

Kwanza hakikisha ni mti wenyewe

Watu huita miti mingi mgunga. Huu tunaouzungumzia ni Vachellia tortilis, ambao vitabu vya zamani huuandika Acacia tortilis na Wamasai huuita oltepesi. Usiangalie umbo la kichwa peke yake, maana mti mchanga bado haujatandaza matawi. Angalia miiba. Kwenye tawi moja utakuta aina mbili: mirefu, imenyooka, myeupe, inayoweza kufika sentimita 8, na mifupi ya milimita chache, ya kahawia, iliyopinda kama ndoano. Maua yake ni vishada vidogo vya mviringo, vyeupe au vya rangi ya maziwa, na maganda yake hujisokota.

Ukiona gome la njano karibu na mto, huo ni mgunga maji, olerai. Wenye vinundu vyeusi vilivyojaa sisimizi, ulioota kwenye mfinyanzi mweusi, ni eluai. Wenye ndoano mbilimbili tu bila mwiba mrefu ni oiti. Na olkiloriti, ambao gome lake Wamasai huchemsha kwenye supu ya nyama, ni mti mwingine kabisa, kwa hiyo usimbandulie mtu gome la mgunga kwa ajili ya supu.

Wa kuogopa zaidi kwa upande wa Moshi ni prosopisi, mti wa kigeni ambao Wakenya huuita mathenge na ambao umeshavamia maeneo ya Kahe. Maganda yake ni marefu, yamenyooka au kupinda kidogo tu, rangi ya majani makavu, na ni matamu. Mbuzi huyapenda, na kila anapotoa kinyesi anapanda mwingine. Usiuhifadhi kwa kudhani ni mgunga.

Kukuza kutoka kisikini

Njia hii imeenea Dodoma kwa jina la kisiki hai, na kwa mgunga inafaa sana kwa kuwa mti huu ukikatwa huchipua tena kwa urahisi. Fanya kazi hii kiangazi, wiki tatu au nne kabla ya vuli au masika, ili mvua ikinyesha nguvu yote ya mizizi iende kwenye machipukizi uliyoyachagua.

Vifaa ni vichache: panga kali, msumeno mdogo wa kupogolea, glavu za ngozi, vitambaa vya rangi na fimbo ndefu yenye panda ya kuburuzia matawi. Miguuni vaa buti au katambuga zenye soli nene. Mwiba mrefu wa mgunga unapita kwenye ndala, na hata tairi la bodaboda haliupendi.

1. Tembea eneo lote na uchomeke kijiti kwenye kila kisiki hai. Kwa malisho acha mita 10 hivi kati ya mti na mti, yaani miti kama 40 kwa ekari. Palipo na visiki vingi zaidi usiving'oe. Vingine vitakuwa vya kukatia miiba na kuni kila mwaka.

2. Kwenye kila kisiki ulichochagua, tafuta machipukizi matatu bora: manene, yaliyonyooka, na yanayotokea chini kabisa karibu na ardhi. Yanayotokea juu ya kisiki huvutia kwa kuwa yanakua haraka, lakini yameshikilia gome tu. Upepo wa mwaka wa pili huyabandua.

3. Kata mengine yote, ukianzia chini ya chipukizi kuelekea juu, mkato wa mshazari, karibu na kisiki bila kukijeruhi. Panga likishuka kutoka juu hupasua kisiki, maji yakatuama ndani, uozo ukaingia.

4. Pogolea matawi ya chini ya yale matatu yaliyobaki, usizidi theluthi moja ya urefu wake. Hapa ndipo wengi hukosea kwa hamu ya kuona mti mrefu. Chipukizi lililonyolewa hadi juu hukua kama fimbo, na mvua nzito ya kwanza hulilaza.

5. Funga kitambaa cha rangi inayoonekana mbali. Kitambaa kina maana tu kama wachungaji wanajua maana yake, kwa hiyo kaa nao kabla ya kufunga, wakiwamo watoto wanaochunga ndama na vitoto vya mbuzi. Wanaopita na panga kutafuta tawi la kuzibia mlango wa boma ni wao.

6. Matawi uliyokata yazungushe kuwa uzio. Vichwa vyenye miiba vitazame nje, vishina vitazame ndani, na yafungamane. Upana ni muhimu kuliko kimo: mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma na kufikia mbali, lakini hawezi kuinama juu ya mita nzima ya miiba. Uzio wa kimo cha kiuno wenye unene wa mita moja ni bora kuliko ukuta mwembamba unaofika kifuani.

Mvua ikishika, rudi ukayabandue kwa mkono machipukizi mapya yanayotoka kisikini, yangali laini. Baada ya mwaka punguza kutoka matatu hadi mawili, na mwaka unaofuata acha moja. Kuacha moja tangu siku ya kwanza ni kucheza bahati nasibu: digidigi mmoja, au mtoto mmoja mwenye fimbo, na kisiki kimerudi kilipokuwa. Uzio uongezewe kila kiangazi mpaka kichwa cha mti kivuke mita mbili na shina lisipindike mbuzi akiliegemea. Jirani akianza kuchukua uzio wako kuwa kuni, usibishane naye sana. Mpe matawi ya visiki vile vya ziada.

Kuotesha kwa mbegu

Ardhi isiyo na visiki ndiyo inayohitaji kitalu. Chagua mti mama wenye afya, mbali na mingine ya jamii nyingine, na chuma maganda yaliyokauka mtini au yaliyoanguka siku hizo hizo. Yaliyokaa chini kwa wiki kadhaa huwa yamekwisha kuliwa na fukusi. Mdudu huyu hutaga kwenye ganda, kiluwiluwi hukua ndani ya mbegu, kisha hutoka kwa kitundu cha mviringo. Katika miti mingine zaidi ya nusu ya mbegu huwa na vitundu hivyo.

Twanga maganda kidogo kidogo kwenye kinu bila kuponda kwa nguvu, pepeta, kisha mimina mbegu kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea tupa. Zilizozama zitazame moja moja na uondoe zenye kitundu. Kilo moja ya mbegu safi huwa na mbegu zaidi ya elfu kumi, kwa hiyo kwa kitalu cha kaya kikombe cha chai kinatosha na kubaki.

Chanzo kingine kizuri ni zizi la mbuzi. Mbegu zilizopita tumboni huwa ganda lake limelainika, na fukusi wengi waliokuwa ndani wamekufa. Zichambue kwenye samadi kavu na uzioshe, kisha nazo uzipitishe kwenye ndoo ya maji.

Mbegu ya mgunga ina ganda gumu lisilopitisha maji. Kuna njia mbili za kulifungua. Ya kwanza: chemsha maji, yaepue, subiri dakika mbili, kisha yamimine juu ya mbegu, vikombe vitano vya maji kwa kimoja cha mbegu, na uache mpaka asubuhi. Zilizovimba zipande siku hiyo hiyo. Ambazo hazijavimba zirudie. Usizichemshe zikiwa jikoni, maana hapo unazipika. Ya pili, ambayo ni bora kwa mbegu chache: kata kipande kidogo sana cha ganda kwa kikatio cha kucha, upande ulio mkabala na jicho la mbegu, kisha loweka usiku mmoja.

Panda moja kwa moja kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche. Mzizi mkuu hushuka haraka kuliko shina linavyopanda, na ukihamisha mche kutoka kwenye tuta utaukata mzizi huo. Tumia viriba virefu, sentimita 25 hadi 30, vilivyo wazi chini. Vile vifupi vya mboga havifai: mzizi hujizungusha ndani, na mti wa namna hiyo huanguka ukiwa umekwishakuwa mkubwa. Udongo uwe sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya mchanga wa korongoni, moja ya samadi iliyooza vizuri. Weka mbegu mbili kwa kiriba, kina cha sentimita moja, funika kwa nyasi kavu kidogo. Zilizovimba vizuri huanza kuchomoza ndani ya wiki moja hadi mbili. Baadaye acha mche mmoja.

Mwagilia kila siku mwezi wa kwanza, kisha siku moja baada ya nyingine. Kila baada ya wiki nne inua kila kiriba na ukate mzizi uliotokeza chini. Ukiruka kazi hii miezi miwili, mche umeshajipanda kitaluni, na siku ya kuutoa utauua. Miezi mitatu au minne baadaye, ukiwa na sentimita 20 hadi 30, uondolee kivuli na upunguziwe maji kwa wiki tatu kabla ya kwenda shambani. Mche ulionenepeshwa kwa maji hadi siku ya mwisho hushtuka ukifika Longido.

Hesabu nyuma kutoka kwenye mvua: kwa masika ya Machi, mbegu ziingie kwenye viriba Novemba. Shimo liwe la sentimita 45 kila upande, lichimbwe kiangazi, udongo wa juu utengwe na urudishwe chini. Kwenye mteremko chimba kinga ya nusu mwezi, tumbo likitazama chini na mikono ikielekea juu mlimani, na upande mti ndani ya nusu hiyo ambako maji hukusanyika. Panda ardhi ikiwa imelowa kina cha mkono, si baada ya manyunyu ya kwanza. Ondoa plastiki ya kiriba yote. Kisha uzio, siku hiyo hiyo.

Mchanga, kifusi na udongo wenye magadi mgunga huvumilia. Maji yanayotuama hauyapendi, na huko juu Marangu au Machame kwenye migomba na kahawa hauna kazi. Huko ipo miti yake.

Maganda kwa mbuzi na ng'ombe

Kwa mfugaji hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Maganda huanguka wakati nyasi zimekwisha, na yana protini ya asilimia 12 hadi 18 hivi, wakati mabua ya mahindi hayafiki hata nusu ya hapo. Miti haizai sawa. Upo unaojaza magunia na upo jirani yake usiotoa debe moja, kwa hiyo weka alama kwenye ile inayozaa ili isije ikakatwa.

Tandika turubai au maturubai ya salfeti yaliyoshonwa pamoja, kisha tikisa matawi kwa mti mrefu wenye ndoano. Tikisa, usivunje: tawi lililovunjwa leo halitazaa msimu ujao. Acha sehemu kwa ajili ya mifugo inayopita na kwa ajili ya mbegu. Anika siku mbili tatu hadi ganda likikunjwa livunjike kwa mlio, kisha hifadhi kwenye magunia juu ya kichanja, mbali na ukuta. Yakiingia na unyevu hushika ukungu, na yenye ukungu usimpe mnyama yeyote, hasa mwenye mimba.

Ukiyatoa mazima, mbegu nyingi hupita tumboni bila kumeng'enywa, nawe unatupa sehemu nzuri kwenye samadi. Yaponde. Kinu na mchi vinatosha kwa mbuzi wachache. Kwa wingi peleka mashine ya kuparaza, mwenye mashine aweke chekeche la matundu makubwa, na maganda yawe makavu kabisa. Yenye unyevu hunata ndani, na fundi hatakupokea mara ya pili. Usisubiri miezi kuparaza, maana fukusi waliomo ndani hawaachi kula gunia likifungwa.

Kwa mbuzi mzima toa gramu 200 hadi 300 za unga huo kwa siku, jioni wakirudi, ukichanganya na pumba za mahindi mara mbili yake na chumvi kidogo. Anza na kiganja kimoja na upandishe kwa wiki nzima. Maganda yana tanini, na mnyama aliyeanzishwa kwa pupa huacha kula au hufunga choo. Wapewe kwanza wanaonyonyesha na walio karibu kuzaa. Beberu atasubiri. Yasizidi theluthi ya chakula chote, na maji yawepo.

Watu pia hula: Wamasai hula mbegu zingali changa, na Waturkana wa Kenya hutengeneza uji wa maganda baada ya kuondoa mbegu.

Miiba, kuni na nguzo

Boma la miiba hula miti mingi na huoza, ndiyo maana hujengwa upya mara kwa mara. Punguza gharama hiyo kwa kuchanganya: chomeka vigingi vibichi vya mti ambao Wamasai huuita osilalei, ambavyo hushika mizizi na kuwa uzio hai, kisha jaza miiba ya mgunga katikati. Kata matawi ya pembeni tu, mti mmoja usitoe zaidi ya theluthi ya kichwa chake, na usirudi kwenye mti huo huo kabla ya miaka miwili au mitatu. Mabaki ya uzio wa zamani yachome hapo hapo. Miiba mikavu iliyotawanyika ndiyo inayochechemesha ndama.

Kuni zake huwaka kwa moto mkali na moshi kidogo. Zipasue zingali mbichi, zikikauka shoka hudunda. Kwa nguzo mti huu hauna sifa: mchwa huula chini, na wadudu wa kutoboa hugeuza sehemu nyeupe ya nje kuwa unga. Ukilazimika, menya gome siku hiyo hiyo ya kukata na utumie nguzo ndani ya nyumba, si ardhini.

Mkaa wake ni mzuri, na hilo ndilo balaa lake. Kukata na kuchoma kwa biashara kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Ulizia ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya wilaya, na kabla ya hapo ulizia serikali ya kijiji, kwa sababu vijiji vingi vina sheria zake ndogo kuhusu miti ya malisho.

Kamba, nyuki na nyasi za chini

Kamba hutoka kwenye gome la ndani la matawi yaliyokatwa, unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono. Chagua wakati wa mvua, gome linapobanduka lenyewe. Chana mstari mmoja kwa kisu, vuta ukanda wote, kwangua ganda la nje, kisha tumia ukiwa mbichi kufungia fito. Ukikauka hukaza. Wa kusokota loweka kwanza usiku mmoja. Shina lililosimama usilibandue kamwe: gome likiondolewa kuzunguka shina lote, mti umekufa. Tembo wa Manyara na Tarangire huua migunga kwa njia hiyo hiyo. Kama wanapita kwako, zungushia shina waya wa wavu kuanzia chini hadi mita mbili na zaidi, na uulegeze kila mwaka mti unaponenepa.

Mizinga ya magogo huning'inia vizuri kwenye matawi imara, na maua ya mgunga ni chakula kizuri cha nyuki. Itundike kabla mti haujachanua, mahali ambapo mifugo haipumziki mchana.

Nyasi za chini ya mgunga mkubwa huwa na virutubisho zaidi kuliko za nje ya kivuli, kwa sababu ya majani yanayoanguka, kinyesi cha wanyama wanaopumzika, na naitrojeni ambayo mizizi husaidia kuingiza kwenye udongo. Usiku mizizi hupandisha maji kutoka chini na kuyaachia kwenye udongo wa juu, lakini mti huo huo huyanywa tena mchana, kwa hiyo kiangazi kikali usitegemee mahindi chini yake. Sehemu hizo zitenge kuwa alalili, yaani malisho ya akiba, ya ndama na mifugo dhaifu. Wafunguliwe baada ya nyasi kudondosha mbegu, na watolewe nyasi ikibaki na kimo cha kiganja.